Mpelelezi wa Kifo Chake Mwenyewe: Kuisoma “Bloodlist” ya P. N. Elrod

Katika riwaya za upelelezi, maiti ndiye mhusika asiye na kauli. Anakutwa ukurasa wa kwanza au wa kumi, anafunikwa shuka, na kuanzia hapo walio hai wanashindana kusema kwa niaba yake. Mwandishi wa Kimarekani P. N. Elrod aliigeuza kanuni hiyo mwaka 1990 alipochapisha “Bloodlist”, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa “The Vampire Files”. Mhusika wake mkuu, mwandishi wa habari aitwaye Jack Fleming, anagongwa na gari usiku kando ya barabara, mtu anashuka na bastola ili kummalizia, risasi inapigwa, na Fleming mwenyewe ndiye anayeshangaa kuliko wote kuona kwamba bado ana fahamu. Haimchukui muda mrefu kuelewa kwamba gari halikumuua wala risasi haikumuua, kwa sababu alikuwa amekwisha kuuawa kabla ya hapo. Kumbukumbu ya siku za mwisho za uhai wake imefutika, na sasa inambidi atafute aliyemuua na sababu ya kumuua.

Nimekisoma kitabu hiki mara mbili, mara ya kwanza kwa pupa na mara ya pili kwa kalamu mkononi, na nimetoka na maoni yaliyogawanyika. Wazo lake ni zuri kupita kawaida, ujenzi wa mandhari una nidhamu, na msimulizi ana ucheshi mkavu ambao haujichoshi. Hata hivyo, kuna mahali ambapo mwandishi anampa shujaa wake funguo nyingi mno, na mpelelezi mwenye ufunguo wa kila mlango ni mtu ambaye msomaji anaacha kumhofia.

Hadithi inatokea Chicago mwaka 1936, na uteuzi wa mwaka huo una maana. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilikuwa imeondolewa Desemba 1933, na Al Capone, aliyehukumiwa kwa kukwepa kodi mwaka 1931, alikuwa amefungwa katika kisiwa cha Alcatraz. Magenge yaliyonenepa kwa pombe ya magendo hayakuvunjika kwa hayo. Yalibaki na fedha, silaha, watu wao ndani ya serikali ya jiji na kumbi za usiku zilizokuwa sasa na leseni. Wakati huohuo mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa haujaisha, na mtu mwenye elimu na suti safi angeweza kuwa hana kazi kwa miezi. Fleming ni mmoja wa watu hao. Ameacha gazeti huko New York na kuja Chicago akitafuta mwanzo mpya, jambo linalokifanya kifo chake kiwe rahisi kutotambuliwa, kwani katika jiji asilojulikana, lenye maelfu ya watu waliopoteza mwelekeo, mgeni mmoja akitoweka hakuna anayeuliza.

Mandhari hayo ndiyo yaliyozaa upelelezi wa giza, mkondo uliokulia katika magazeti ya hadithi ya karatasi duni ambayo mengi yaliuzwa kwa senti 10, na ambao waandishi wake, kama Dashiell Hammett aliyewahi kuajiriwa na shirika la wapelelezi la Pinkerton, waliutoa upelelezi sebuleni kwa matajiri na kuuingiza barabarani. Filamu zilizotokana na mkondo huo ziliitwa nyeusi na wahakiki wa Ufaransa mwaka 1946, na jina likashika. Weusi wenyewe haukuwa wa usiku tu. Ulikuwa wa jiji ambamo polisi, hakimu na jambazi wanakula meza moja, na mpelelezi anabaki na heshima yake binafsi kama mali pekee. Kumweka mnyonya damu katika jiji la namna hiyo kunaweza kuonekana kama kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea. Elrod anafanikiwa kwa sababu katika riwaya yake mnyonya damu si uovu mwingine ulioongezwa juu ya maovu ya jiji. Ndiye mwenye njaa na asiye na kazi, naye amezungukwa na wafanyabiashara walioshiba wanaoua watu kwa mahesabu.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo lake la kusema, hasa aliyelelewa pwani na mkubwa wa nyumbani aliyemwambia asitoke baada ya magharibi kwa sababu mumiani wapo mjini. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, miaka mitatu tu baada ya wakati wa riwaya hii, inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi mfano wa utomvu kilichotumika kama dawa, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa kusudi hilo, na kwamba uvumi ukizuka watu hawatoki nyumbani baada ya jua kutua. Nairobi na kwingineko lawama iliangukia wazimamoto, watu wenye sare na magari ya serikali. Kwa hiyo mnyonya damu wetu wa miaka ya 1930 hakuwa mwana wa mfalme mwenye joho na kasri milimani. Alikuwa mwajiriwa mwenye zana za kazi, na nyuma yake kulikuwa na ofisi. Nilipoisoma “Bloodlist” nikiwa na hilo akilini, niliona kwamba mumiani halisi wa riwaya hii ni Slick Morelli, mmiliki wa klabu ya usiku, pamoja na wenzake wa genge, na kwamba Fleming, licha ya meno yake, ndiye mtu wa kawaida anayehofia kutoka usiku. Sidai kwamba mwandishi alilikusudia hilo, lakini kitabu kinalibeba bila kulemewa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote inahusu chakula. Fleming anahitaji damu, na ana dhamiri. Waandishi wengi wa aina hii ya hadithi huufanya mgongano huo uwe mateso ya kurasa mia, mhusika akilia dirishani huku mwezi ukimwangaza. Elrod anautatua kama mtu anayejua jiji lake, kwa kumpeleka Fleming kwenye mazizi ya Union Stock Yards, uwanja mkubwa wa mifugo uliofunguliwa Chicago mwaka 1865 na kuendelea kufanya kazi hadi 1971, ambako ng'ombe waliletwa kwa treni kutoka kila upande na kusubiri machinjio. Anakwenda huko usiku, anapenya katikati ya uzio, anamchagua mnyama aliyetulia, anafungua mshipa, anakunywa kiasi kinachomtosha, na mnyama anabaki amesimama kwenye samadi yake kama vile nzi ndiye aliyemuuma. Hakuna fahari yoyote katika tendo hilo. Kuna harufu, kuna viatu vinavyochafuka, kuna hofu ya kukutwa na mlinzi, na kuna aibu ndogo ya mtu anayekula amesimama mahali asipotaka kuonekana na anayemfahamu.

Msomaji wa Ulaya huenda akaliona jambo hilo kuwa ni mzaha wa mwandishi. Sisi tulio na Wamaasai kama majirani tunajua kwamba damu ya ng'ombe aliye hai ni lishe, tena yenye ufundi wake: shingo inafungwa kamba ili mshipa utune, mshale wenye ncha fupi unatoboa bila kupitiliza, damu inakingwa kwenye kibuyu, jeraha linazibwa, na ng'ombe anarudi malishoni. Kwa mtazamo huo, Fleming anafanya kwa siri na kwa aibu kitu ambacho mahali pengine duniani kinafanywa mchana mbele ya watoto. Nilicheka peke yangu, kisha nikagundua kwamba kicheko hicho kimenifanya nimwamini zaidi mhusika. Baada ya ukurasa huo sikuwa tena ninasoma kuhusu jini. Nilikuwa ninasoma kuhusu mtu aliyepewa ugonjwa wa kudumu na anayejipangia ratiba ya kuishi nao.

Ratiba hiyo ndiyo inayoikaza hadithi. Fleming hana budi kulala mahali penye udongo wa kwao Ohio, na kwa hiyo anasafiri na kasha zito ambalo halina maelezo ya kueleweka kwa mpagazi wa hoteli wala wa stesheni. Kioo hakimwoneshi, jambo linalogeuza kunyoa ndevu na kupita kwenye ukumbi wenye vioo kuwa mtihani. Zaidi ya yote, jua likichomoza yeye hayupo tena. Halali usingizi kama walalavyo watu. Anazimika kabisa, na lolote litakalotokea mchana, awe ni rafiki kutekwa au shahidi kuhamishwa, litatokea bila yeye. Mwandishi wa hadithi za upelelezi hutafuta kila hila ya kumchelewesha shujaa wake, kwa simu isiyopokelewa au gari lisilowaka. Elrod amepewa bure ucheleweshaji usiobishaniwa, unaokuja kila siku kwa saa iliyomo kwenye kalenda, na kila anapoutumia taharuki inapanda. Kuna nyakati nilijikuta ninahesabu saa zilizobaki kabla ya alfajiri kwa bidii kuliko Fleming mwenyewe.

Tatizo linatoka upande wa pili wa hali hiyohiyo. Fleming anaweza kutoweka na kupenya mlango uliofungwa. Risasi humuumiza lakini haimuui. Mbaya zaidi kwa mtunzi, anaweza kumpumbaza mtu kwa macho na kumfanya aseme ukweli. Mhoji wa kawaida katika riwaya za Hammett au Raymond Chandler hudanganywa, hupigwa, hupewa nusu ya habari na kulazimika kuiunganisha na nusu nyingine aliyopewa na mwongo wa pili, na katika kuunganisha huko ndimo msomaji anamofanya kazi pamoja naye. Fleming akiamua kumkazia mtu macho, kazi hiyo inafutika. Nakubali kwamba mwandishi anaijua hatari hiyo, kwani mara kadhaa anaweka vizuizi: mtu aliyelewa mno hapumbaziki vyema, mtu aliyeshikwa na hofu kubwa naye ni mgumu, na Fleming mwenyewe anaona haya kuingia akilini mwa watu bila ruhusa. Hata hivyo, nusu ya pili ya kitabu ina mahali ambapo fundo lililosokotwa kwa subira linafunguliwa kwa kukodolewa macho tu, na mimi kama msomaji nilijihisi nimedhulumiwa fumbo langu.

Ukombozi wa sehemu hiyo unatoka mahali nisipotarajia, nao ni mti. Imani za zamani zinasema mnyonya damu huuawa kwa kigingi, na Elrod anaipanua imani hiyo kwa akili: kama kigingi cha mti kinaua, basi rungu la mti lazima liumize. Risasi ya chuma inampita Fleming, lakini akipigwa kichwani kwa ubao anaanguka kama mtu yeyote. Anayejua hadithi za upelelezi wa giza ataona mara moja faida ya sheria hiyo. Katika magazeti ya senti 10 mpelelezi alikuwa lazima apigwe kisogoni na kuzinduka ghalani akiwa amefungwa. Ilikuwa kama kodi anayolipa kwa kuwa mjanja. Elrod amepata njia ya kumtoza kodi hiyo hata mtu aliyekwisha kufa, na ameipata ndani ya sheria za jadi yenyewe ya wanyonya damu bila kuibandika kutoka nje. Hapo mikondo miwili iliyoonekana haipatani inashikana mikono, na ningetamani mwandishi angekaa hapo muda mrefu zaidi, kwa sababu mnyonya damu anapendeza katika kazi ya upelelezi pale hali yake inapomfunga, na anachosha pale inapomfungulia.

Charles Escott anastahili aya yake. Ni Mwingereza aliyewahi kuwa mwigizaji wa jukwaani, anayejiita wakala binafsi na kukataa kuitwa mpelelezi, mwenye macho ya kuona hata kitu kidogo kilichokosekana katika chumba. Anamtambua Fleming mapema na, mahali ambapo mwingine angetafuta kigingi, yeye anatafuta ushirika. Ukoo wake wa kifasihi haufichiki: ni mjukuu wa Sherlock Holmes, ukoo uleule aliotoka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake. Tofauti iko katika mgawanyo wa kazi. Bwana Msa ana akili na Najum ana mshangao. Mmoja anatangulia na mwingine anafuata nyuma yake. Katika “Bloodlist” msimulizi ndiye mwenye nguvu zinazotisha, huku mwenye akili akiwa mtu wa nyama na damu anayeweza kuvunjwa mbavu. Escott anapoingia hatarini, hofu iliyopotea kwa sababu Fleming hafi inarudi, kwa kuwa rafiki yake anakufa kama sisi. Nadhani mwandishi alilihesabu hilo vizuri kabisa, na mazungumzo ya wawili hao, yenye adabu ya wanaume wawili wasiotaka kuonesha kwamba wanapendana, ndiyo yaliyonivusha kurasa zilizolegea.

Wahusika wengine wanatofautiana uzito. Bobbi Smythe, mwimbaji wa klabu na mpenzi wa bosi wake, anaingia akiwa amevaa mavazi ya mwimbaji wa kila filamu ya zama zile, na kwa muda nilidhani atabaki pambo. Anajikomboa taratibu kwa sababu anajua anachokitaka na analisema wazi. Gordy, mlinzi mwenye kimo cha kabati, ana utulivu unaomfanya aogopwe zaidi ya wanaopiga kelele. Majambazi wadogo ni bapa, na sioni haja ya kuwatetea.

Kinachonikera ni jiji lenyewe kwa upande mmoja. Sensa ya 1930 ilihesabu zaidi ya watu weusi 230,000 katika Chicago, wengi wao wakiwa wamehamia kutoka kusini mwa Marekani, na eneo lao la Bronzeville lilikuwa na magazeti yake, benki zake, kumbi zake za muziki na hata magenge yake ya kamari. Msimulizi ni mwandishi wa habari, anatembea usiku kucha, na muziki anaousikia katika klabu ulipigwa pia katika mitaa hiyo. Lakini katika kitabu hiki cha kwanza mitaa hiyo haina nafasi yoyote ya maana. Najua riwaya fupi ya kusisimua haiwezi kubeba jiji zima, na pia najua kwamba magazeti ya senti 10 inayoyaenzi yalikuwa na upofu huohuo. Ila mwandishi wa 1990 alikuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kuona kile ambacho waandishi wa 1936 hawakutaka kukiona.

Kuhusu lugha, Kiingereza cha Elrod ni chepesi kwa msomaji wa kiwango cha sekondari, isipokuwa pale majambazi wanapotumia misimu ya wakati wao. Sentensi ni fupi, usimulizi ni wa nafsi ya kwanza, na mizaha inatupwa bila kumsubiri msomaji acheke. Nilijaribu, kwa burudani yangu, kuzitafsiri kurasa mbili za mwanzo kwa Kiswahili, nikakwama katika neno moja tu: kumwita Fleming mnyonya damu kunamfanya aonekane bepari wa hotuba za siasa za miaka ya sabini, kumwita mumiani kunampa mwajiri asiye naye, na “vampaya” linafaa kwenye mabango ya sinema kuliko kinywani mwa mtu anayejisimulia. Mwishowe niliandika “mfu” na kuendelea, maana ndivyo anavyojiona yeye mwenyewe katika kurasa zile.

Anayetaka kukinunua ajue kwamba kitabu hiki, ingawa kinajibu swali la nani alimuua Fleming, kinaacha wazi swali la pili ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi. Fleming aligeuka kuwa alivyo kwa sababu ya Maureen, mwanamke aliyempenda huko New York, ambaye alitoweka miaka kadhaa kabla na ambaye Fleming aliendelea kumtafuta kwa matangazo madogo magazetini. Matangazo hayo, yakilipiwa kwa fedha za mtu asiye na kazi na kusomwa na kila mtu isipokuwa aliyekusudiwa, ndiyo sehemu pekee ya kitabu iliyonihuzunisha kwa dhati, na jibu lake linasubiri hadi kitabu cha tatu, “Bloodcircle”. Vitabu vitatu vya mwanzo vilikusanywa katika juzuu moja mwaka 2003, na hiyo ndiyo ninayopendekeza. Nakala yangu ya “Bloodlist” peke yake, iliyotumika na kufika kwa posta ikiwa na jalada lililoungwa kwa gundi ya karatasi, ilikuwa na herufi ndogo mno kwa taa ya chumbani kwangu, na usiku nilipoufunga ukurasa wa mwisho nilikuwa sina kitabu cha pili cha kufungua.